Vitundu vya mwambatope: vilikuwepo, au gesi ndiyo iliyovitoboa?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kimara, Dar es Salaam. Tulikuwa kwenye mada ya nishati, nikawaeleza kidato cha tatu kwamba gesi asilia huzaliwa ndani ya miamba iliyotokana na tope la kale. Mwanafunzi mmoja akasimama: “Mwalimu, kama mwamba wenyewe ni mgumu kama tofali, gesi inakaa wapi?” Nikamjibu kwamba una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Akauliza tena: “Vilikuwepo kabla ya gesi, au gesi ndiyo iliyovitoboa?” Nikaahidi kuleta jibu. Naomba unisaidie, na kama inawezekana unieleze pia kama gesi yetu ya Songo Songo inahusiana na vitundu hivyo.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nimefurahi kwamba hukumkatiza huyo mwanafunzi. Swali lake la pili ndilo lililowafanya wataalamu wa miamba wakune vichwa kwa miaka mingi, na majibu ya kueleweka yalianza kupatikana karibuni tu, tulipopata njia ya kuvitazama vitundu vyenyewe.

Jibu fupi la kumpelekea ni hili: vipo vilivyokuwepo kabla, lakini vingi vilibanwa na udongo wa juu, na vilivyosalia vikazibwa na mafuta. Vitundu ambavyo leo vinabeba gesi kwenye mwamba ulioiva vingi vilizaliwa baadaye, mafuta na gesi vilipokuwa vinatoka ndani ya mabaki ya viumbe. Kwa hiyo mwamba mmoja hupoteza vitundu kisha ukavipata vingine, na ukiendelea kupikwa kupita kiasi unaweza kuvipoteza tena. Ukitaka kujua hali ya vitundu vyake, uliza kwanza mwamba umeiva kiasi gani.

Sasa jibu refu. Nianze na jina, maana litatusumbua. Mwamba wenyewe wengine wanauita sheli, lakini hapa Dar ukisema sheli kila mtu anafikiria kituo cha mafuta. Nitauita mwambatope, kwa sababu ndivyo ulivyo: tope laini lililotulia chini ya maji, likazikwa, likakamuliwa maji, likawa jiwe linalochanika tabaka kwa tabaka.

Tope likiwa bichi, zaidi ya nusu ya ujazo wake ni maji, mara nyingine hadi asilimia 70 au 80. Likizikwa, uzito wa juu unalikamua kama mtu anayekamua machicha ya nazi. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa, zinalala moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki, na nafasi kati yao zinafungwa. Baada ya kilomita chache za kuzikwa, zile nafasi za awali zinakuwa zimeshuka mara nyingi hadi chini ya asilimia 10 ya ujazo. Vinavyosalia ni vipenyo vidogo pembeni mwa chembe ngumu kama kwatzi, yale madini magumu ya mchanga, ambazo zinabeba mzigo kama nguzo za nyumba.

Mfano wa tope ambalo halijafika mbali katika safari hii tunao hapa pwani kwetu. Udongo wa Kilwa, wa tangu mwishoni mwa Kretasia, kipindi cha mwisho cha dinosaria, hadi miaka milioni 30 na kitu iliyopita, haukuzikwa sana wala haukupikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wakiwa na Paul Pearson walichoronga visima vifupi huko na kukuta maganda ya viumbe wadogo wa baharini yakiwa bado meupe yanayopitisha mwanga kama kioo, kwa sababu udongo ule haukuruhusu maji kupita na kuyaharibu. Huo ni mwambatope mbichi. Una nafasi zake za mwanzo, lakini ndani yake hakuna gesi iliyopikwa. Mwalimu akipita barabara ya kusini kwenda Lindi, na aukumbuke.

Katika tope kuna kitu cha pili, nacho ndicho mhusika mkuu: mabaki ya viumbe. Mwani, vijidudu vya majini, chavua na vipande vya majani vinazama pamoja na tope. Mahali penye oksijeni ya kutosha vinaliwa na kuoza vikaisha. Mahali pasipo na oksijeni vinabaki. Waambie wanafunzi wafikirie Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470: ukishuka zaidi ya mita mia moja hadi mia mbili, maji hayana oksijeni, na chini kabisa tope jeusi linaendelea kutulia hadi leo. Mabaki hayo yakizikwa yanageuka kuwa kitu kigumu cheusi kinachoitwa kerojeni. Kerojeni haiyeyuki hata ukiiloweka kwenye petroli. Ni malighafi tu, inasubiri moto.

Moto unatoka chini ya ardhi. Kwa kawaida joto huongezeka kiasi cha nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Ukianza na nyuzi 27 za Dar, basi karibu kilomita tatu chini unagusa nyuzi 100. Kuanzia kama nyuzi 60, na hasa kati ya 80 na 120, kerojeni inaanza kutoa mafuta. Kuelekea nyuzi 150 na kupita, mafuta yenyewe na kerojeni iliyobaki vinavunjika kuwa gesi. Wazo hili kila mama wa pwani analijua kwa mkono: ukichemsha tui la nazi kwa muda mrefu, maji yanakauka, mafuta yanajitenga, na chini ya sufuria yanabaki masalia meusi. Ukiendelea kuchochea kuni, hata hayo mafuta yanaanza kuungua na kutoa moshi. Tofauti ni kwamba mwamba unapikwa kwa mamilioni ya miaka, na sufuria yake haina mfuniko wa kufunua.

Tunajuaje mwamba umeiva kiasi gani, wakati hakuna aliyekuwepo kupima joto? Tunatumia vipande vya miti ya kale vilivyomo ndani yake, viitwavyo vitriniti. Kadiri vinavyopikwa ndivyo vinavyong'aa. Tunamulika kipande kwa hadubini na kupima ni asilimia ngapi ya mwanga inarudi. Chini ya 0.5 au 0.6, mwamba ni mbichi. Kutoka hapo hadi karibu 1.3, uko kwenye kipindi cha mafuta. Kati ya 1.3 na 2.0, gesi yenye majimaji mepesi. Zaidi ya 2.0, gesi kavu. Namba hizi si ukuta wa zege, zinasogea kidogo kutegemea aina ya kerojeni, lakini zinatusaidia kuzungumza lugha moja. Nitazitumia hapa chini.

Twende kwenye kile kinachowashangaza watu wengi: mafuta yakianza kuzaliwa, vitundu vinapungua. Mtu angetegemea kinyume chake, kwamba kitu kigumu kikigeuka majimaji na kuondoka, pengo linabaki. Lakini mafuta ya kwanza kutoka kwenye kerojeni hayako kama petroli. Ni mazito, yanafanana na lami. Yanasukumwa nje ya kerojeni yakaingia kwenye vile vipenyo vichache vilivyosalia kati ya chembe, yakavijaza na kuganda humo. Wakati huohuo kerojeni yenyewe inalainika, na uzito wa juu unaendelea kukandamiza. Pengo linalozaliwa linafinywa papo hapo, kama shimo unalotoboa kwenye unga uliokandwa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote unatoka kaskazini mwa Ujerumani, kwenye tabaka liitwalo Posidonia, la kipindi cha Jurasiki, lenye umri wa miaka milioni 180 hivi. Uzuri wake ni kwamba tabaka lilelile lilichorongwa katika visima vya eneo moja, lakini kila kisima kiko mahali palipopikwa tofauti. Wickensen vitriniti ni 0.53, yaani mbichi. Harderode ni 0.88, katikati ya mafuta. Haddessen ni 1.45, umeingia kwenye gesi. Ni kama kula wali wa sufuria moja uliopakuliwa mara tatu: ungali na maji, umeiva, na umekaukia. Wickensen nafasi kati ya chembe bado ni nyingi. Harderode zimepungua sana, na zilizopo zimejaa mafuta na lami. Haddessen ujazo wa vitundu unapanda tena, lakini safari hii vingi ni vidogo mno na vimo ndani ya masalia meusi yenyewe. Mwambatope wa New Albany huko Marekani, uliochunguzwa na Maria Mastalerz na wenzake mwaka 2013, ulionyesha mkondo huohuo: vingi mwanzo, vichache katikati, kisha vinaongezeka.

Na kuna jaribio jingine rahisi linalothibitisha kwamba tatizo la katikati ni kuziba zaidi ya kutokuwepo. Unachukua mwamba ulio kwenye kipindi cha mafuta, unapima vitundu vyake. Kisha unausaga kiasi na kuuosha kwa kiyeyusho kinachotoa mafuta na lami, unaukausha, unapima tena. Vitundu vinaongezeka. Havikutobolewa na kiyeyusho, vilikuwepo, vimefungwa. Ndiyo maana mimi husisitiza kwamba takwimu ya vitundu isiyosema kama sampuli ilioshwa au haikuoshwa haina maana kubwa.

Joto likiendelea, hali inabadilika. Ile lami iliyoganda kwenye vipenyo, pamoja na kerojeni iliyobaki, vinaanza kuvunjika kuwa gesi. Molekuli nyepesi za methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, zinaondoka, na kinachobaki ni kitu kigumu chenye kaboni nyingi. Hapo fikiria tanuri la mkaa. Magogo yanafukiwa kwa udongo, yanaungua bila hewa ya kutosha, moshi na lami ya miti vinatoka, na mwishoni kinachobaki ni chepesi, kigumu, chenye vitundu tele. Mkaa wa Kisarawe unaoletwa mjini kwenye magunia umepitia hali inayofanana na hiyo kwa siku chache. Mfano huu una kasoro moja ambayo mwalimu inafaa aitaje: vitundu vikubwa vya mkaa vimerithiwa kutoka kwenye mishipa ya mti, na ni vile vidogo kabisa tu vinavyotokana na gesi iliyoondoka. Katika mwambatope ulioiva, hivyo vidogo ndivyo tunavyozungumzia.

Kilichobadilika sasa ni ugumu. Wakati wa mafuta, masalia yalikuwa laini, pengo likizaliwa linafinywa. Wakati wa gesi, masalia yamekuwa magumu kama mkaa, pengo likizaliwa linabaki. Tena gesi inachukua nafasi kubwa kuliko mafuta yaliyoizaa, kwa hiyo inasukuma kuta kutoka ndani. Shinikizo hilo husaidia kuvizuia vitundu visibomoke, na likizidi hupasua mwamba kwa nyufa nyembamba zinazofuata matabaka. Kama mwamba una kwatzi nyingi za kubeba mzigo, vitundu vinalindwa zaidi. Kama una udongo mwingi wa mfinyanzi, vinabanwa. Kwa maoni yangu hili la nguzo halipewi uzito unaostahili. Nimesoma ripoti nyingi zinazolinganisha miamba miwili kwa kiwango cha kuiva peke yake, kisha waandishi wanashangaa kwa nini mmoja una vitundu mara mbili ya mwingine. Ukitazama madini, mara nyingi jibu liko pale.

Mtu wa kwanza kutuonyesha vitundu hivyo waziwazi alikuwa Robert Loucks na wenzake wa Texas, mwaka 2009, kwenye mwambatope wa Barnett. Waling'arisha sampuli kwa miale ya chembe za agoni badala ya msasa, wakaiweka chini ya hadubini ya elektroni, na ndani ya vipande vyeusi vya mabaki ya viumbe wakaona vitundu vingi kama povu lililoganda, vyenye upana wa nanomita 5 hadi 750. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Kitundu cha nanomita 100 unaweza kukipanga mara 800 ndani ya upana wa unywele mmoja. Mwaka 2012 Sylvain Bernard na wenzake wakaonyesha kwamba katika Barnett ile ile sehemu kubwa ya vitundu hivyo imo kwenye masalia ya lami iliyopikwa ikawa mkaa, yaani mafuta yaliyohama kidogo, yakaganda, kisha yakaivia hapohapo.

Suala la kung'arisha kwa agoni si la kupuuza, na nina sababu yangu ya kulisema. Nikiwa bado kijana, nilitumia wiki kadhaa kung'arisha vipande vya mwamba kwa msasa na unga wa almasi, kisha nikahesabu mashimo kwa bidii na kuandika kwamba mwamba ule una vitundu tele. Baadaye tulikata kipande kilekile kwa miale ya chembe, na mashimo yangu mengi yakatoweka. Yalikuwa makovu ya msasa: chembe zilizong'oka, udongo uliochunika. Tangu siku hiyo sikubali picha ya vitundu bila kuuliza sampuli iliandaliwaje.

Mwanafunzi wako pengine atauliza: kwa nini kerojeni ya mahali pamoja ina vitundu na ya pembeni yake haina? Hilo linatokea kweli, hata ndani ya picha moja. Sababu mojawapo ni asili ya mabaki. Mwani wa ziwani na baharini una haidrojeni nyingi, kwa hiyo unatoa mafuta na gesi nyingi na kuacha mapengo mengi. Vipande vya miti vina haidrojeni kidogo, vinatoa kidogo, vinabaki vigumu na vizima. Ndiyo maana vitriniti tunayoitumia kupimia kuiva mara nyingi inakaa katikati ya picha ikiwa imara bila hata tundu, wakati jirani yake iliyotokana na lami imejaa mapovu.

Hesabu ndogo itasaidia darasani. Kerojeni ni nyepesi, uzito wake kwa ujazo ni kama nusu ya uzito wa madini yanayoizunguka. Kwa hiyo mwamba wenye kerojeni asilimia 5 kwa uzito unayo karibu asilimia 10 kwa ujazo. Ikiwa asilimia 40 ya kerojeni hiyo itageuka mafuta na gesi ikaondoka, na kama hakuna kitakachobomoka, mwamba unapata nafasi mpya ya asilimia 4 ya ujazo wake. Sehemu yake itafinywa. Lakini kwa mwamba ambao nafasi zake zote kwa jumla ni asilimia 5 au 6, hicho si kiasi kidogo. Wape wanafunzi wabadilishe namba wenyewe: waweke kerojeni asilimia 1 waone kinachobaki.

Udongo na madini nao hawakai kimya wakati huu. Kerojeni ikipikwa inatoa asidi na hewa ya ukaa, ambazo zikichanganyika na maji zinaweza kula kingo za madini ya chokaa na feldispa, na kuacha vishimo vipya. Aina moja ya udongo unaovimba, smektaiti, inageuka kuwa ilaiti, udongo usiovimba, kuanzia kwenye joto lilelile la mafuta, ikitema maji na silika, na silika hiyo inaweza kuziba nafasi mahali pengine. Hapa mwamba unatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine, na sidhani kama kuna kanuni moja ya kuuhukumu. Kila tabaka lina hesabu yake.

Kupikwa kupita kiasi nako kuna gharama. Vitriniti ikipita 3 hivi, masalia yanazidi kujipanga kuelekea muundo wa grafiti, ile kaboni ya ndani ya penseli, tabaka zake zinasogeleana, gesi inayozaliwa inakoma, na shinikizo lililokuwa linazishikilia kuta linavuja na kuisha. Vitundu vinaanza kubomoka. Kwa hiyo si kweli kwamba mwamba ulioiva zaidi ndio bora zaidi, na wawekezaji waliwahi kuchoronga kwa gharama kubwa kwenye miamba ya namna hiyo wakifikiri hivyo.

Tunavipimaje vitundu ambavyo hadubini haivifikii? Njia moja ni kuupoza mwamba hadi nyuzi 196 chini ya sifuri na kuuruhusu unase naitrojeni. Kiasi kinachonasa kinatuambia ukubwa wa kuta za ndani. Gramu moja ya mwambatope ulioiva, kipande kisichojaza kijiko cha chai, inaweza kuwa na kuta za ndani zenye mita za mraba 10 au 20, sawa na chumba cha kupangisha cha Manzese. Kwa vile vidogo kabisa, chini ya nanomita 2, tunatumia hewa ya ukaa. Kwa vikubwa kidogo tunasukuma zebaki kwa shinikizo kubwa na kuona inapenya wapi. Hakuna njia hata moja inayoviona vyote, na kila moja ina uongo wake mdogo. Zebaki, kwa mfano, inapima mlango wa kitundu, si chumba chake. Chumba kikubwa chenye mlango mwembamba kitahesabiwa kama kidogo.

Vilevile tunaupika mwamba mbichi maabara tuone vitundu vikizaliwa. Michael Lewan wa Marekani alianzisha njia ya kuupika pamoja na maji kwenye chombo kilichofungwa, nyuzi 300 hadi 360, kwa saa 72 hivi. Mafuta yanatoka kweli, nawe unayaona yakielea. Lakini ndani ya chombo kile hakuna kilomita tatu za mwamba zinazokandamiza kutoka juu, kwa hiyo vitundu vinavyozaliwa humo huenda vikasimama vizuri kuliko vinavyosimama ardhini. Napenda majaribio hayo, ila sichukui namba zake na kuzipeleka moja kwa moja kwenye ramani.

Sasa swali la kwanza la mwanafunzi: gesi inakaa wapi? Molekuli ya methani ina upana wa nanomita 0.38. Katika kitundu cha nanomita 10 zinapangika kama 26 kwa upana. Zilizo katikati ziko huru, zinagongana. Zilizo pembeni zinang'ang'ania kuta za kaboni, na kwa kuwa kuta ni nyingi ajabu, gesi iliyoshikamana na kuta inaweza kufika hata nusu ya gesi yote iliyomo. Ukipunguza shinikizo, ile huru inatoka kwanza, ya ukutani inafuata polepole. Ndiyo maana visima vya mwambatope hutoa kwa nguvu mwanzoni, kisha vinashuka haraka, halafu vinaendelea kudonadona kwa miaka. Na kwa kuwa milango kati ya vitundu ni myembamba mno, gesi hupita kwa shida mara milioni na zaidi ya inavyopita kwenye mchanga mzuri. Huwezi kuipata bila kuuvunja mwamba. George Mitchell, mfanyabiashara wa gesi wa Texas, alichoronga kisima chake cha kwanza cha Barnett mwaka 1981, na ilimchukua hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 kupata namna ya kuupasua kwa maji kwa gharama inayolipa. Wakati huo hakuna aliyekuwa amevionyesha vitundu vile kwa picha. Alijua tu kwamba gesi imo.

Hapo ndipo Songo Songo inapoingia, na wengi wanachanganya. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982, haimo kwenye mwambatope. Imo kwenye mawe ya mchanga yenye nafasi pana, ndiyo maana inatoka kisimani bila kuupasua mwamba, ikaanza kuja Dar kwa bomba mwaka 2004 na leo inazalisha umeme Ubungo na kuendesha bajaji mitaani. Lakini mchanga hauzai gesi. Gesi ilipikwa mahali pengine, chini zaidi, ndani ya miamba chanzo. Wanajiolojia wa pwani yetu huelekeza kidole kwenye tope la Jurasiki na hata kwenye matabaka ya Karoo, ya umri unaolingana na makaa ya mawe ya Ruhuhu. Ilizaliwa humo, ikajaa kwenye vitundu vya nanomita, shinikizo likaisukuma ikapita nyufa, ikapanda hadi mchangani, ikakuta udongo wa juu umefunga njia. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi: ndiyo, gesi inayochemsha chai ya mtu Dar iliwahi kupita kwenye vitundu vya namna hii, ingawa haikuchimbwa humo.

Na kwenye miamba chanzo yenyewe kuna nyingine iliyobaki. Ni kiasi gani, na kama italipa kuifuata, ni jambo la kupimwa kwa sampuli: aina ya kerojeni, vitriniti, kiasi cha kwatzi. Bonde la Mandawa, ambako visima vilipita kwenye tope la kale lililo chini ya chumvi ya Nondwa, ndipo ningependa vijana wetu wa jiolojia wa Mlimani waanzie. Sampuli za visima vya zamani ni hazina. Zikitunzwa vizuri, zinaweza kusomwa upya kwa vifaa ambavyo havikuwepo zilipotolewa ardhini.

Kwa darasa lako la Kimara huhitaji hadubini. Tafuta vipande vitatu vinavyolingana ukubwa: cha kuni mbichi, cha mkaa mkavu, na cha mkaa ulioloweka kwenye mafuta ya kupikia usiku kucha kisha ukaupangusa. Weka kila kimoja kwenye bakuli la maji ya moto, ukikishikilia chini kwa kijiko. Mkaa mkavu utatoa vipovu kwa muda mrefu, hewa ikitoka kwenye vitundu vyake. Kuni mbichi itatoa vichache. Ule wa mafuta nao utatoa vichache, ingawa ni mkaa uleule wa gunia moja. Usiwaambie sababu. Mpe chaki yule aliyeuliza, achore ubaoni kilichomo ndani ya kile kipande cha tatu.